Walevi wa Bunduki za Upepo

Novemba 2010, katika mnada wa Christie's jijini London, bastola moja kuukuu ilinunuliwa kwa pauni 277,250. Wapiga mnada walikuwa wameikadiria kati ya pauni 15,000 na 20,000 tu. Ndiyo ile aliyoishika Sean Connery kwenye picha za kuitangaza filamu ya pili ya James Bond, From Russia with Love, ya mwaka 1963: mikono imekunjwa kifuani, mtutu mrefu umesimama kando ya shavu. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima, na wachache sana walijua kuwa bastola ile haikuwa ya kijasusi hata kidogo. Siku ya kupiga picha ilisahaulika Walther PPK, silaha ya Bond ndani ya filamu. Mpiga picha, David Hurn, akatoa ya kwake aliyokuwa akiifanyia mazoezi ya shabaha. Ilikuwa Walther LP53, bastola ya upepo.

Wakusanyaji wa bunduki za upepo hawakuhitaji kuambiwa. Anayezijua huitambua LP53 kwa urefu wa mtutu na kwa mpini ulionenepa, kwa kuwa springi na pistoni zake zimefichwa ndani ya mpini wenyewe. Wao hawakushangazwa na Bond. Walichokipenda ni kuona kwamba, kwa siku moja, watu wenye fedha wamekubali kuwa bunduki ya upepo ni kitu cha thamani. Kesho yake mambo yakarudi kama kawaida, na LP53 zisizowahi kuguswa na Connery zikaendelea kuuzwa kwa bei ambayo mwalimu au dereva wa basi wa Kiingereza anaimudu akijibana kidogo.

Hapo kwenye kumudu ndipo penye mtego. Anayekusanya magari ya zamani huzuiwa na mfuko wake na nafasi ya kuyaegesha. Mwenzake wa bunduki za upepo hana kizuizi cha namna hiyo. Moja inaingia chini ya kitanda, ya pili nyuma ya kabati, ya tatu darini, na mke akiuliza anaambiwa ni ile ile ya mwaka jana. Ukizisoma simulizi za wakusanyaji wa Uingereza, Ujerumani na Marekani utaona zinafanana: wengi walianza kwa kutaka moja tu, mara nyingi ile waliyokuwa nayo utotoni au ile waliyonyimwa. Ile moja ikapatikana. Ya pili ikaja kwa sababu ya kwanza ilikuwa na mkono wa kukokia wa aina tofauti.

Kabla ya kuwacheka, tuitazame mashine yenyewe. Bunduki ya upepo haina baruti. Husukuma risasi kwa hewa au gesi peke yake. Zipo zinazopigwa pampu na zipo zinazotumia gesi ya kaboni dioksidi, lakini zilizowateka wengi ni za springi. Unaukunja mtutu au unavuta mkono wa chuma, na springi nene inabanwa ndani ya silinda mpaka inanaswa na ndoano ya kifyatulio. Ukifyatua, springi inaachiwa na kuisukuma pistoni, nayo pistoni inaikamua hewa iliyo mbele yake mpaka inapata joto kali na kukirusha kirisasi. Pistoni inapokwenda mbele, bunduki inarudi nyuma. Pistoni inapofika mwisho, bunduki inarushwa mbele. Mitikisiko hiyo miwili hutokea kwa kufumba na kufumbua, kwa hiyo ukiibana kwa nguvu kama bunduki ya vita utakosa shabaha. Lazima uilaze mkononi kwa upole na kuiachia icheze. Kila moja inacheza kwa namna yake, na mwenye nayo hana budi kuijifunza upya.

Mbele ya pistoni kuna wosha ya kuzuia hewa isivuje. Kwenye bunduki za zamani wosha hiyo ni ya ngozi iliyolowekwa mafuta. Fundi wa leo akiifungua bunduki ya mwaka 1910 na kuikuta ngozi imekauka, huiloweka kwenye mafuta yanayopatikana kwa kuchemsha mifupa ya miguu ya ng'ombe, akaisubiri ilainike, na mara nyingi bunduki inarudi kazini. Miaka ya 1960 na 1970 viwanda vikubwa vya Ujerumani vilianza kuweka wosha za plastiki, kwa imani kwamba zitadumu kuliko ngozi. Leo ukiifungua Feinwerkbau 124 ambayo haijawahi kuguswa na fundi, bunduki nzuri ajabu ya miaka ya 1970, unakuta wosha imegeuka makombo laini yanayofutika kwa kitambaa. Ngozi ya babu imeishinda kemia ya mjukuu. Wakusanyaji hulisimulia jambo hili kwa furaha isiyofichika.

Anayetaka kuuelewa ulevi huu aanzie Birmingham, jiji la mafundi chuma katikati ya Uingereza. Mwaka 1904 fundi bunduki wa hapo, Lincoln Jeffries, alisajili hataza ya bunduki ya upepo ambayo mtutu wake haukunjwi. Nyingi za wakati ule zilikokiwa kwa kuukunja mtutu wenyewe, na bawaba ikilegea hata kidogo shabaha inapotea. Jeffries aliufunga mtutu moja kwa moja, akaweka mkono wa kukokia chini yake, na kirisasi kikawa kinaingizwa kupitia bilula ndogo ya chuma inayogeuzwa kwa vidole. Kazi ya kuzitengeneza ilichukuliwa na BSA, yaani Birmingham Small Arms, na mwaka 1905 zikaanza kuuzwa.

BSA ilikuwa kampuni ya bunduki za jeshi. Wazee wengi wa Afrika Mashariki waliijua kwa baiskeli na pikipiki, lakini alama yake ya bunduki tatu zilizosimamishwa pamoja inaeleza ilikoanzia. Vita vya Makaburu kule Afrika Kusini vilipokwisha mwaka 1902, oda za serikali zilipungua, na mashine za kisasa zikabaki zinatafuta kazi. Matokeo yake, kitu cha kulengea makopo uani kikatengenezwa kwa vipimo na chuma cha silaha ya vita. Ndiyo maana BSA ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ikitunzwa, bado inapiga sawasawa baada ya zaidi ya miaka mia moja.

Vita hivyo vya Makaburu viliwaachia Waingereza aibu: wakulima wa Kikaburu walikuwa wamewazidi shabaha. Vilabu vya kulenga vikaota nchi nzima. Kwenye baa za Birmingham na miji ya jirani kukawa na ligi za bunduki za upepo ambazo shabaha yake ni bamba la chuma lenye tundu lisilofika sentimita moja, na nyuma ya tundu ipo kengele. Kirisasi kikipenya, kengele inalia na wote waliomo baani wanajua. Mchezo huo haujafa. Zipo sehemu za magharibi ya Uingereza ambako bado unachezwa.

Turudi kwenye ulevi. Kati ya mwaka 1905 na 1939, BSA haikutulia. Ilibadili urefu wa bunduki, umbo la kitako, lachi ya mkono wa kukokia, jicho la kulengea, maandishi ya juu ya silinda na herufi zinazotangulia namba. Kiwanda hakikuwa na nia ya kuwatesa watu watakaozaliwa baadaye; kilikuwa kinarekebisha kasoro na kupunguza gharama. Ila kwa mkusanyaji, kila badiliko ni bunduki nyingine. Watu wametumia miaka kupanga mabadiliko hayo kwa mfululizo, wakilinganisha namba za bunduki zilizomo mikononi mwa wenzao na matangazo ya magazeti ya zamani. Mtu wa kawaida akioneshwa bunduki kumi za BSA zilizopangwa ukutani ataona bunduki moja mara kumi. Mwenye nazo ataona pengo la kumi na moja.

Vita vya pili vya dunia vilikata mstari huo. Usiku wa tarehe 19 Novemba 1940 ndege za Ujerumani zilikipiga mabomu kiwanda cha BSA kilichokuwa Small Heath, na wafanyakazi 53 wakauawa. Amani iliporudi, kampuni haikuzirudia bunduki za Jeffries. Mwaka 1948 ilitoa Airsporter, ambayo mkono wake wa kukokia umefichwa ndani ya mbao, na mwaka 1959 ikatoa Meteor, bunduki rahisi ya mtutu wa kukunja iliyolengwa kwa vijana. Wakusanyaji wa daraja la juu huipita Meteor kama hawajaiona. Mimi naona wanakosea. BSA ya mwaka 1908 ilinunuliwa na mtu mzima, ikapakwa mafuta kila Jumapili na kurudishwa kabatini. Meteor ilipewa mtoto wa miaka kumi na mbili, ikaachwa kwenye mvua, ikakatwa kitako kwa msumeno na kurithishwa kwa mdogo wake. Meteor ya toleo la mwanzo iliyobaki salama, na sanduku lake la karatasi ngumu, ni muujiza mkubwa kuliko bunduki ya babu.

Sanduku, kwa kweli, linahitaji kisa chake. Hakuna aliyetunza sanduku. Lilikuwa takataka ya siku ya kwanza. Leo bastola ya Webley ikiwa na sanduku lake la asili, kile kikaratasi cha maelekezo na kibrashi cha kusafishia, bei yake huachana mbali na ile iliyo peke yake. Wapo wanaonunua sanduku tupu, kisha wakaanza kutafuta bastola ya kulijaza.

Webley nayo ni ya Birmingham. Sheria ya Silaha ya Uingereza ya mwaka 1920 ilibana uuzaji wa bastola za baruti, na kampuni hiyo iliyozoea kuwauzia maofisa wa jeshi ikatafuta njia nyingine. Mwaka 1924 ikaja na bastola ya upepo ambayo mtutu wake umelala juu ya silinda na kufunguliwa kuelekea mbele kama kifuniko. Umbo hilo lilidumu kwa vizazi. Hata hivyo, anayetaka kuteseka vizuri hukimbilia bunduki yake ndefu ya mwaka 1932, Webley Service Mark II, iliyouzwa na mitutu ya kubadilisha ya vipimo vitatu. Mitutu hutenganishwa na maisha: mmoja ulipotea wakati wa kuhama nyumba, mwingine jirani aliuazima. Anayeipata leo ikiwa na mtutu mmoja amenunua kazi ya miaka ya kutafuta miwili iliyobaki.

Lakini ukitaka kuona mtandao halisi wa kunasa watu, nenda Rastatt, kusini magharibi mwa Ujerumani. Huko Jakob Mayer na Josef Grammelspacher walianzisha kampuni mwaka 1890, na bunduki zao zikapewa jina la Diana, mungu wa uwindaji wa Warumi wa kale. Nembo yao inamwonesha huyo bibi akiinua bunduki ya upepo juu huku akiutupa upinde wake. Kwa maoni yangu hakuna nembo ya kampuni ya silaha iliyochorwa kwa majivuno ya kupendeza kuliko hiyo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mashine za Rastatt zilichukuliwa kama fidia ya vita, pamoja na haki ya kutumia jina, zikaishia kwa kampuni ya Millard Brothers, yaani Milbro, karibu na Motherwell huko Scotland. Kuanzia hapo bunduki za "Diana" zikawa zinatengenezwa na Waskoti kwa mashine za Kijerumani. Wajerumani wenyewe waliporuhusiwa kurudi kazini walinunua mashine mpya, ila walipotaka kuuza Uingereza wakakuta jina lao lina mwenyewe. Wakaziita "Original". Hali hiyo iliendelea mpaka miaka ya 1980, Milbro ilipofunga na jina likarudi nyumbani.

Marekani mambo yalikuwa mengi zaidi, kwa sababu wafanyabiashara wa huko walipenda kupiga majina yao wenyewe juu ya chuma cha Rastatt. Chukua modeli 27, bunduki nyepesi yenye kifyatulio laini ambayo wapenzi wengi huitaja kati ya zile wasizoweza kuziuza. Ujerumani ni Diana 27. Uingereza ni Original 27. Marekani iliuzwa kama Hy-Score 807, na baadaye kama Winchester 427. Zote ni bunduki ile ile. Mtu mwenye akili timamu angenunua moja. Mkusanyaji hununua zote nne, na anaweza kukueleza kwa nini kwa dakika arobaini bila kunywa maji.

Kisha lipo jambo la tarehe. Kiwanda cha Rastatt kilikuwa kinagonga mwezi na mwaka wa kutengenezwa kwenye silinda, tarakimu ndogo sana upande wa kushoto. Unaweza kudhani hilo lingewatosheleza watu kujua umri wa bunduki na kulala. Badala yake limezaa kundi la wanaotafuta bunduki ya mwezi na mwaka waliozaliwa wao, kisha ya mwaka wa mke, kisha ya kila mtoto. Familia kubwa inakuwa ghali.

Upande wa pili wa Atlantiki hadithi ni ya vinu vya upepo. Mji wa Plymouth, Michigan, ulikuwa na kampuni iliyotengeneza vinu vya chuma vya kuvutia maji mashambani, na biashara haikuwa nzuri. Mwaka 1888 Clarence Hamilton aliwaletea bunduki ya upepo ya chuma kitupu aliyoibuni. Meneja, Lewis Cass Hough, aliijaribu akaisifu kwa neno la mtaani la enzi hizo lenye maana ya kitu bora, na neno hilo ndilo likawa jina: Daisy. Mwanzoni kila mkulima aliyenunua kinu alipewa bunduki kama zawadi. Muda si muda watu wakawa wanataka zawadi na kuuacha mzigo, na mwaka 1895 kampuni ikaacha jina la vinu ikajiita Daisy.

Bunduki za Daisy hurusha gololi ndogo za chuma. Ni dhaifu, nyingi ni za bati lililokunjwa, na kwa mtu aliyezoea BSA zinafanana na kopo. Wamarekani, hata hivyo, huzipenda kwa machozi. Mwaka 1983 filamu ya A Christmas Story ilimsimulia mtoto anayeililia Daisy ya Red Ryder yenye dira na saa ya jua kwenye kitako. Wakusanyaji wakaruka kwenye viti. Red Ryder haikuwahi kuwa na vitu hivyo. Vilikuwa kwenye Daisy nyingine ya miaka ya 1930, ya jina la mwigizaji Buck Jones. Mwandishi Jean Shepherd alikuwa amezichanganya kumbukumbu zake za utotoni. Kampuni ikatengeneza chache za namna ile kwa ajili ya filamu, na kosa la kumbukumbu likawa bunduki halisi ambayo nayo inatafutwa. Makumbusho ya Daisy yako Rogers, Arkansas, mji ambao kampuni ilihamia mwaka 1958.

Mgogoro usiokwisha kati ya watu hawa unahusu kutu. Bunduki imepatikana ghalani, imebadilika rangi, mbao zina mikwaruzo, na mwanzoni mwa silinda yapo maandishi yaliyofifia. Kundi moja linasema ing'arishwe: chuma kipigwe msasa na kurudishiwa weusi wake wa kibuluu, mbao zivuliwe vanishi na kupakwa mafuta upya. Kundi la pili linasema usiguse. Mimi niko na kundi la pili bila kusita. Msasa hauchagui, unaondoa kutu na maandishi kwa pamoja, unazilainisha kona ambazo fundi wa mwaka 1906 aliziacha kali makusudi, na namba ikishafutwa hairudi. Bunduki iliyong'arishwa vibaya haiwezi tena kukuambia ni ya mwaka gani, na kwa wanaojua bei inaanguka. Badilisha springi iliyokatika, tia ngozi mpya, fungasha ya zamani kwenye mfuko uiweke pamoja na bunduki. Zaidi ya hapo mikono mfukoni.

Mafuta nayo yana hatari yake. Mgeni akiipata bunduki kavu huimwagia mafuta mengi kupitia tundu la hewa. Hewa iliyokamuliwa ina joto la kutosha kuyawasha mafuta hayo, bunduki inalipuka kama ya baruti na kutoa moshi, na mwenye nayo anafurahi kwamba imepata nguvu. Haikupata nguvu; inajivunja. Vilevile usifyatue kamwe mtutu ukiwa umekunjwa wazi. Springi itaurudisha kwa kishindo, na vipo vidole vilivyokatwa hivyo.

Wanaoziita bunduki hizi vitu vya watoto wangekumbushwa Girandoni. Bartolomeo Girandoni aliibuni, na jeshi la Austria likaipokea mwaka 1780. Kitako chake kilikuwa chupa ya chuma ya kuhifadhi hewa iliyoshindiliwa. Kuijaza kulihitaji takriban mapigo 1,500 ya pampu ya mkono, jambo ambalo askari aliyechoka hawezi kulifurahia. Lakini ilibeba risasi 20 na zaidi zilizopangwa ubavuni, ikafyatuliwa moja baada ya nyingine bila moshi, wakati askari wa baruti alikuwa bado anashindilia risasi yake moja kwa kijiti. Ilitumika mpaka karibu mwaka 1815. Ubovu wake ulikuwa udhaifu wa chupa na ugumu wa kuipatia mafundi vitani.

Meriwether Lewis aliichukua bunduki ya upepo kwenye safari mashuhuri ya kuivuka Marekani aliyoiongoza na William Clark. Mwishoni mwa Agosti 1803, siku ile ile aliyoondoka Pittsburgh, alisimama kwenye kisiwa cha Mto Ohio kuwaonesha watu maajabu yake. Mmoja wa watazamaji akaishika bila kujua, ikafyatuka, na risasi ikamparuza mwanamke kwenye panja, umbali wa yadi 40 hivi. Alianguka akivuja damu na watu wakadhani amekufa, lakini alipona. Safari iliendelea, na bunduki ikawa inatolewa mbele ya jamii za wenyeji ili kuwatia hofu na heshima.

Ni bunduki ya aina gani hasa? Swali hilo lilimla Robert Beeman kwa miaka. Huyu alikuwa mwanabiolojia wa viumbe vya baharini, California, aliyependa bunduki za upepo kiasi kwamba mwaka 1972 yeye na mkewe Toshiko walianza kuziagiza kutoka Ulaya na kuziuza. Biashara ilikua ikawa kubwa, na jina Beeman likagongwa kwenye bunduki nyingi za Kijerumani. Mkusanyo wake nao ukakua. Ndani yake ilikuwemo Girandoni moja ambayo alama za matengenezo yake zilimfanya aamini kuwa ndiyo ya Lewis. Hakuipeleka mnadani. Aliitoa kwa Jeshi la Marekani, nayo ikawekwa Carlisle, Pennsylvania.

Nimeyaeleza haya kwa mahaba, lakini bunduki ya upepo si kitu cha kuchezea. Mwaka 2005 mtoto wa miaka miwili aliuawa Glasgow kwa kirisasi cha bunduki ya aina hii, na kifo hicho kilichochea madai yaliyofanya Scotland ipitishe sheria. Tangu tarehe 31 Desemba 2016, aishiye Scotland hana ruhusa ya kuwa nayo bila cheti cha polisi, hata kama ni kuukuu na imetundikwa ukutani. England na Wales hazidai cheti kwa bunduki isiyozidi nguvu ya futi-paundi 12, ambazo ni joule 16 na ushee, wala kwa bastola isiyozidi futi-paundi 6. Ikizidi hapo, ni silaha kamili mbele ya hakimu. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kununua, na mfanyabiashara lazima amkabidhi mnunuzi ana kwa ana. Ireland ya Kaskazini ni kali zaidi.

Kwa hiyo, msomaji wetu uliyeko Birmingham au Leicester, ukivutwa na meza ya bunduki kuukuu kwenye gulio la Jumapili, uliza kwanza nguvu yake, kisha itazame namba kabla ya bei, na usikubali iliyopigwa msasa. Uliyeko Glasgow, cheti kwanza. Na uliyeko Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam au Kampala, usiagize hata moja kutoka nje kabla hujakwenda kuwauliza polisi wanaoshughulikia leseni za silaha. Forodha haitajali kwamba ni ya mwaka 1908.